Mwaka wa Ukoga

Habari za kifo cha Dokta Laurenti zilinikuta nachambua mchele. Binti yake alinipigia simu kutoka Bukoba, akanieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi tangu asubuhi, nami nikasema pole, nikasema Mungu amrehemu, nikauliza mazishi ni lini, kisha nikarudi kwenye ungo wangu. Sikulia. Si kwamba sikumpenda mzee yule. Nilimpenda, na kazi aliyonifundisha ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu. Lakini kuna mahali ndani yangu palipoingia ganzi zamani sana, kule Lushoto, katika mwaka mmoja wa ujana wangu, na tangu hapo misiba hunigusa kama jino lililopigwa sindano linavyoguswa na daktari: najua kwamba naguswa, basi. Nilimaliza mchele nikaanza maharage. Wakati nayatia sufuriani ndipo lilipokuja wazo ambalo lingepaswa kuja kwanza, kwamba sasa nimebaki mimi peke yangu duniani ninayejua kilichomuua Bibi Rebeka.

Nilikotoka na nilivyosoma si kazi ya sura hii. Itoshe kwamba nilipanda Lushoto nikiwa na miaka kumi na tisa, na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, miaka ile ya Ujamaa ambapo kijana aliyemaliza shule alipelekwa alikopelekwa na akashukuru. Mimi nilipelekwa kwenye kituo kidogo cha kuchunguza maji. Kilikuwa nyumba kuukuu ya kizungu yenye kuta nene na mahali pa kuotea moto sebuleni, ila moto haukuwashwa kamwe, maana humo ndani Dokta Laurenti alipanga chupa zake. Chupa nyingi zilikuwa za jamu. Tuliziomba hotelini na misheni, tukazichemsha, tukazibandika karatasi. Kila chupa ilikuwa na maji, na ndani ya maji kitu cha kijani, au cha kahawia, au kitu ambacho macho matupu hayakukiona kabisa. Chumba kilinuka dawa ya kuhifadhia na sweta mbichi. Baridi ya Lushoto mtu wa Tanga haizoei. Nilivaa soksi mbili na nikajifanya mtaalamu.

Dokta Laurenti alisomea mwani huko ng'ambo, na alirudi na imani ya mwani kama wengine walivyorudi na imani nyingine. Saa nne ya asubuhi tulikunywa chai kwenye vikombe vya bati, na hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mahubiri. Zuhura, alikuwa akiniambia, sehemu kubwa ya hewa unayoivuta sasa hivi imetengenezwa na hivi vidude unavyoviona kama uchafu. Samaki unayempenda amekula mdudu aliyekula mwani. Ule ute mgumu wanaooteshea vijidudu hospitalini umetokana na mwani wa baharini. Huko Chadi kuna akina mama wanaochota mwani wa ziwani, wanaukausha juani, wanaupika mchuzi, na watoto wao wana afya. Alitaka kila kijiji kiwe na bwawa lake la kufugia mwani wa chakula, taifa lijitegemee. Aliandika barua ndefu wizarani. Wizara ikamjibu kwa kumtaka alete taarifa ya idadi ya majembe ya kituo. Akaifungua barua ile, akaisoma mara mbili, akaniambia nihesabu majembe. Tulikuwa nayo mawili.

Kazi yangu ilikuwa kwenda kwenye vijito na chemchemi, kukwangua mawe kwa mswaki na kuosha ule mswaki ndani ya chupa. Huo ndio utaalamu wenyewe, na mpaka leo unafanywa hivyo hivyo. Siku moja nikiwa kwenye kijito upande wa Vuga, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa kuwa wenyewe wapo, akapita mwanamke amejitwika ndoo, akasimama, akanitazama kitambo. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba, na pengo dogo la meno ya mbele.

"Mtoto wa watu," akasema, "hayo mawe unayoyapiga mswaki yana ukoga?"

Alicheka mpaka maji yakamwagika mabegani. Huyo alikuwa Mama Stefano. Nami nilicheka, na neno lake nikaondoka nalo. Mpaka siku hiyo tulikuwa tukihangaika kutafuta neno, maana mwani ni neno la watu wa bahari, na huku milimani halikuwa na mwenyewe. Ukoga kila mtu anaujua. Kama unaganda menoni basi unaganda kwenye mawe. Dokta hakulipenda, alisema linamdhalilisha kiumbe, lakini nilimbishia, na nilikuwa mbishi hasa.

Mwaka huo mvua zilikataa. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika kwenye migongo ya vilima zilikuwa zimekusanywa bondeni kufanya kijiji kimoja, na chemchemi iliyotosha nyumba kumi ikaambiwa inyweshe nyumba mia. Ikakauka. Watu wakaanza kunywa maji ya ndiva, yaani lile bwawa dogo ambalo wazee walilichimba juu ya mashamba, linajaa maji ya mfereji usiku, mchana linafunguliwa kumwagilia mboga. Juu yake kulikuwa na bustani zilizotiwa samadi na mbolea ya gunia, na jua lilikuwa kali kuliko desturi ya milima. Ndiva ikawa kijani. Si kijani cha majani. Ilikuwa kama mtu amemwaga rangi ya mlango. Mbuzi wawili wakafa ukingoni. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole aliyetembea na rejista kwapani, akateremka Lushoto kuja kumwita Dokta.

Dokta alitazama tone moja tu kwenye hadubini akanyanyuka. Akaniambia, huu ni ule mbaya. Kwa mahubiri yake yote alikuwa hajapata kuniambia kwamba kuna mbaya. Tukaenda mkutanoni kijijini, akasimama mbele ya watu akaanza na mwani, mwani hivi, mwani vile, na watu wakamsikiliza kwa adabu huku wakimtazama usoni, mpaka mzee mmoja akaomba nafasi akauliza, kwa heshima kubwa, kama miwani aliyoivaa ndiyo iliyodondokea kwenye ndiva. Hakuwa na mzaha yule mzee. Nikasimama mimi. Nikasema: ukoga. Ukoga ule wa kijani, si uchafu, ni mimea, midogo isiyo na mizizi wala majani, na huu una sumu, kwa hiyo msinywe maji mpaka tuwaambie. Wakaelewa mara moja. Dokta akaketi. Nilijisikia mkubwa siku hiyo, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

Nikaachwa kijijini nichote maji ya ndiva kila siku na kuyaangalia, hadubini ndogo nikiwa nayo ndani ya sanduku la mbao. Nilipewa chumba kwa Mama Stefano. Mumewe alikuwa katibu wa kijiji, mtu wa maneno machache, na nyumba yao ilikuwa ya udongo yenye bati, na kuta za ndani hazikufika juu. Kwa hiyo yote yaliyosemwa jikoni niliyasikia nimelala. Aliyesema zaidi alikuwa Bibi Rebeka, mama yake mume. Hakuwa na meno, alikuwa na sauti. Aliniita mndee, ndivyo Wasambaa wanavyomwita msichana, na kila jioni alikuwa na kesi na mkwewe kuhusu chumvi. Watu wa Magamba, alikuwa akisema, wanapika kama wana haraka ya kurudi msituni. Mama Stefano alikuwa mtu wa Magamba. Alimjibu kwa upole, Kisambaa kwa Kiswahili, naam mama, nimesikia mama, halafu nikamsikia akinong'ona peke yake jambo lililomfanya Stefano, mwanawe wa miaka minane, acheke mpaka akatolewa nje. Ugomvi wao ulikuwa wa watu wanaopendana na hawana kazi nyingine ya kufanya na upendo huo. Hili nalisema kwa kuapa, maana baadaye ule ugomvi wa chumvi ulikuja kuhesabiwa.

Kuchota maji ya kunywa sasa kulikuwa kwenda kijito cha mbali, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na ndoo kichwani. Wanawake walikwenda na giza la alfajiri. Chakula chenyewe kilikuwa unga wa njano uliokuja kwa meli, wa mgao, unaonuka gunia. Mama Stefano alirudi kutoka kijitoni shingo imekakamaa, anageuka mwili mzima akitaka kunitazama. Hakuninung'unikia. Wengine walininung'unikia, tena mbele yangu, kwamba ndiva iko hapa mlangoni na binti wa Tanga anaipimia kijiko.

Dokta akaitwa Dar es Salaam mkutanoni, kwa majuma matatu. Mimi nikateremka kituoni siku nne kuandika taarifa. Niliporudi nikakuta ndiva nyeupe, unaona mpaka mawe ya chini. Mwenyekiti alikuwa ananingoja ukingoni na rejista yake, amefurahi. Walikuwa wamekaa kikao, akanieleza. Binti alituambia ule ukoga ni mimea. Sasa mimea ikisumbua, dawa ya mimea si tunayo? Walikwenda ghala la kahawa wakachukua mrututu, ule wa buluu wanaonyunyizia mibuni, wakautia kwenye viroba, wakaitana msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, na vijana wakavivuta vile viroba majini kutwa nzima, upande huu na upande ule. Ukoga ukafa. Hakuna mkulima wa kahawa ambaye asingewaza hivyo. Hata mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba mrututu hutumika kusafishia maji.

"Binti," akasema Mwenyekiti, "tunywe?"

Nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa na ndoo. Nikaifungua hadubini juu ya jiwe, nikatazama matone matatu, manne. Hakukuwa na kilicho hai. Maganda matupu, yamepasuka. Ningeweza kusema nangoja Dokta arudi. Zilibaki siku kumi tu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja neno kutoka kinywani mwangu, na Mama Stefano alikuwa amekaa pale na shingo yake. Nikasema, yako salama, kunyweni. Wakapiga vigelegele. Mama Stefano akanishika mkono akasema Mungu akubariki.

Juma lile kulikuwa na manyunyu, na manyunyu yakaleta uyoga chini ya msitu. Mama Stefano aliupika kwa kitunguu na karanga, na nyumba nzima ikanukia kitu kingine kisichokuwa unga wa gunia. Akachagua ule ulio laini, akampakulia Bibi Rebeka peke yake kwenye bakuli, maana hakuwa na meno. Mimi sikula. Kwetu uyoga hatuujui na nilikuwa nimesikia habari zake. Bibi Rebeka akanicheka mpaka akakohoa. "Mndee huyu wa pwani," akasema, "pweza mwenye miguu minane anamtafuna, uyoga wenye mguu mmoja anaukimbia." Nikapewa kiporo cha maharage. Tukala, tukanywa maji ya ndiva, baridi, matamu. Nilikunywa vikombe viwili.

Kesho yake tuliharisha. Mimi, Baba Stefano, Mama Stefano, mtoto. Nyumba za jirani vilevile, na wao wakasema ni unga, unga huu umeoza melini, na jambo likaishia hapo kwa sababu kila mtu alikuwa na hamu ya kuutukana ule unga. Wengi tulipona siku ya tatu. Bibi Rebeka hakupona. Njaa ilikuwa imekwisha kumla nusu kabla ya maji. Macho yake yakageuka njano, akaacha kulalamikia chumvi, na Mama Stefano ndiye aliyemgeuza, aliyemfuta, aliyemlisha uji kwa kijiko mpaka akakataa kijiko. Siku ya sita akafariki. Siku ya saba tukamzika, mchungaji akaimba wimbo aliokuwa anaupenda.

Siku iliyofuata Dokta Laurenti akafika, alikatisha safari baada ya kusikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndiva, akaona maji meupe, akaona viroba vyenye buluu vimetupwa kwenye nyasi, akakaa chini palepale na suruali yake ya mkutano. Kisha akanieleza, polepole, kama ananifundisha. Ukoga huu ukiwa hai unaishika sumu yake tumboni mwake. Ukiuua kwa mpigo unapasuka, sumu yote inamwagika majini. Maji ya kijani yanamtisha mtu asinywe. Hayo meupe ndiyo yenyewe.

"Nani aliwaambia wanywe?" akauliza.

"Mimi."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimwita Mwenyekiti akamwambia afungue ndiva maji yote yamwagike korongoni, na Mwenyekiti, ambaye hakuwa na kawaida ya kuuliza maswali kwa mtu wa serikali, akafungua. Jioni hiyo hiyo mvua ya kweli ikaanza, ikanyesha kama inalipa deni la mwaka, na ndiva ikaoshwa. Kwa hiyo hakuna mwingine aliyedhurika, na hilo ndilo lililokuja kunirahisishia kunyamaza. Kabla ya kuondoka Dokta alinifanya niandike barua kwa tabibu wa zahanati, sentensi moja, naye akatia sahihi: marehemu amefariki kwa sumu ya ukoga. Barua niliiandika nimesimama, manyunyu yanadondokea karatasi. Mengine, akasema, utawaeleza wewe kwenye msiba, wamekuzoea. "Useme yote, Zuhura. Na lile la kuwaambia wanywe ulisema wewe, ulitaje. Wakikupiga, mimi nitakuja."

Siku ya kuanua tanga watu walijaa uani. Ilisomwa historia ya marehemu, alikozaliwa, kubatizwa, watoto, wajukuu, na ilipofika kwenye ugonjwa akasimama tabibu na ile karatasi. Wino ulikuwa umetanda. Siwezi kusema kama alisoma kilichoandikwa au alisoma kilichokuwa kinanong'onwa, maana mawifi wa Mama Stefano walikuwa wameanza kunong'ona tangu mazishini. Akasoma kwa sauti ya wazi: "Mtaalamu anasema marehemu amefariki kwa sumu ya uyoga."

Herufi moja. Mtu angeweza kuisahihisha bila hata kusimama. Angesema tu, samahani tabibu, ni ukoga, na kila mtu angegeuka, na swali la pili lingekuwa ukoga upi, na la tatu lingekuwa nani alisema maji ni salama. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Nilisikia moyo unapiga, halafu nikasikia haupigi, na huo ndio wakati ganzi ilipoingia, naukumbuka kama mtu anavyokumbuka saa ya kuzaliwa mtoto. Mama Stefano akasema, kwa sauti ndogo, "Mbona sote tuliula?" Wifi yake mkubwa akajibu, "Lakini bakuli la mama ulipakua wewe, peke yake." Na mwingine akaleta habari za chumvi, miaka yote ya chumvi. Katika nyumba ile nilikuwa mtu mmoja tu ambaye hakuonja uyoga na bado akaharisha siku mbili. Ushahidi ulikuwa ndani ya tumbo langu. Niliinamisha kichwa nikatazama nyuzi za mkeka.

Kesho yake asubuhi wakamfungia Mama Stefano mzigo wake wakamrudisha kwao Magamba. Hakukuwa na kelele. Baba Stefano alisimama mlangoni, akatazama chini. Mtoto alibaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Mimi nikafunga sanduku la hadubini nikateremka Lushoto. Mwisho wa mwezi Dokta Laurenti aliniuliza, wakati wa chai, kama niliwaeleza. Nikasema, niliwaeleza. Akasema, ulikuwa ujasiri huo, akanimiminia kikombe cha pili, nikakinywa. Tangu hapo aliniheshimu, aliniombea masomo, alinipandisha cheo, na kila fadhila aliyonifanyia ilijengwa juu ya jibu lile. Nilikuwa fundi mzuri. Nimechunguza maji ya nusu ya mkoa na sijapata kumwambia mtu maji yake ni salama bila kuyapima mara tatu. Watu walidhani ni bidii.

Siku tisa baada ya ile simu ya Bukoba nilipanda basi mpaka Mombo, nikapanda jingine kwenda Lushoto. Mara ngapi nimepita pale Mazinde nikaitazama ile milima na kugeuza uso dirisha la pili, sijui. Safari hii sikugeuza, wala sikusikia kitu. Magamba nilimwulizia kwa jina la Mama Stefano, mtoto wa shule akanionyesha. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya bustani yake ya kabichi, anamenya njegere. Nywele nyeupe, na lile pengo limekwisha kuwa kinywa kizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama kitambo, kama siku ile kijitoni. "Zuhura. Umenenepa. Keti."

Niliketi kwenye gunia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mombo na niliyasema kwa mpango huo huo, maji, mrututu, kunyweni, barua, herufi. Sauti yangu ilikuwa ile ya kusomea taarifa. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza akapuliza maganda kutoka mapajani.

"Kwamba si uyoga nilijua," akasema. "Niliula mimi, akaula Stefano. Na wewe nilijua hukula, kiporo cha maharage nilikupakulia mwenyewe. Siku ile wanasema, nilikuwa nakutazama wewe. Nikasema moyoni, huyu atasema. Nikaona umeinama. Nikasema, ni mtoto, leo ameogopa, kesho atasema." Akachukua ganda jingine. "Nilipofika hapa kwa baba yangu kila gari lililopanda nilidhani ni wewe. Mwaka mzima. Halafu nikaacha."

Nikasema, nisamehe mama. Nilisema kwa sababu ndilo neno linalosemwa.

"Stefano hunijia kila Krismasi," akasema. "Ni mtoto mwenye adabu. Ananiletea sukari, ameniwekea bati, blanketi hili ni lake. Lakini kwangu anakula mkate wa dukani, tena uwe bado ndani ya mfuko wake. Chai anaichemsha mkewe, na majani wanakuja nayo. Wajukuu wangu wamelelewa hivyo. Wanakaa pale kwenye benchi, wazuri, wamevaa viatu, na hakuna aliyewahi kuonja chumvi yangu. Hawanichukii. Wameambiwa tu wawe waangalifu kwa bibi."

Nikaanza tena kusema nisamehe. Akaweka ungo chini, akachomoa simu kwenye fundo la kanga, moja ya zile ndogo zenye vitufe, akabonyeza kitufe kimoja akakishikilia, akanipa.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwapo."

Simu iliita mara tatu. Mwanamume akapokea, sauti ya mtu mzima, nyuma yake kulikuwa na watu wanapakua mbao. Akasema shikamoo mama, akidhani ni yeye. Nikamwambia si mama, nikamtajia jina langu, nikamwambia niliwahi kulala nyumbani kwao mwaka ule bibi yake alipofariki. Akasema anamkumbuka dada mmoja mwenye sanduku. Nikasema ndiye mimi. Kisha nikamwambia kilichomuua bibi yake, na nani aliwaambia watu wanywe, na neno gani lilisomwa badala ya neno gani, na nani alikuwa amekaa kwenye mkeka akijua. Haikuchukua hata dakika mbili.

Kule upande wa pili mbao ziliendelea kugongana. Kisha akasema, "Mpe mama simu."

Nikampa.